Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu wa Pwani: Sanaa ya Wanafunzi na Uhai wa Bahari

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar. Taasisi ya Elimu Tanzania. Na maofisa elimu wa wilaya zote zinazopakana na Bahari ya Hindi

Sanaa ya wanafunzi kuhusu bahari ni ngonjera, igizo, ngoma, mchoro au sanamu inayotungwa na wanafunzi baada ya kuitazama bahari yao wenyewe, na inayoonyeshwa mbele ya watu wanaoitegemea bahari hiyo kwa riziki. Masharti hayo mawili hayatenganishiki. Kazi isiyotokana na kutazama haina jipya la kusema, na kazi isiyomfikia mvuvi, mchuuzi wa samaki, mkulima wa mwani na mama anayechokoa pweza huishia kwenye ukuta wa darasa. Utaratibu uliozoeleka hautimizi hata sharti moja. Ifikapo 8 Juni, Siku ya Bahari Duniani, wanafunzi hupewa karatasi na rangi, hunakili pomboo na nyangumi kutoka vitabuni, mgeni rasmi hutoa zawadi, na jambo hilo halizungumzwi tena hadi mwaka unaofuata. Barua hii inaeleza kwa nini utaratibu huo ubadilishwe, na ubadilishwe vipi.

Hali ya bahari yenyewe ndiyo inayodai haraka. Pwani ya Tanzania, kutoka mpaka wa Kenya hadi mdomo wa Ruvuma, ina urefu unaozidi kilomita 1,400, na sehemu kubwa ya samaki wanaoliwa na watu wa pwani hiyo huzaliwa au hukulia kwenye matumbawe, mikoko na nyasi za baharini. Tumbawe ni mnyama mdogo. Ndani ya nyama yake huishi viumbe wa jamii ya mwani, wadogo wasioonekana kwa macho, ambao humlisha na kumpa rangi. Maji yakipata joto la kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huwatoa viumbe hao, hugeuka jeupe, na joto lisipopungua hufa. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na likarudi 2016 na 2024. Utafiti uliochapishwa 2021, ukiongozwa na David Obura wa taasisi ya CORDIO iliyoko Mombasa, uliyapima matumbawe ya ukanda huu wote katika maeneo 11 na kukuta kwamba kila eneo limo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50.

Joto hilo halikuletwa na wavuvi wa Kilwa wala wa Kojani. Lakini mwamba ambao haujapasuliwa kwa baruti, haujakwanguliwa na kokoro na bado una samaki wanaokula majani yanayousonga, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona baada ya joto. Hapo ndipo uamuzi wa watu wa pwani unapokuwa na nguvu, na hapo ndipo shule inapoingia.

Ugumu wa mambo ya bahari ni kwamba madhara yake yamefunikwa na maji. Msitu ulioungua huonekana na kila mpita njia. Mwamba uliovunjwa huonekana na mzamiaji peke yake. Mwanafunzi anaweza kuzaliwa karibu kabisa na ufukwe, akamaliza shule ya msingi na ya sekondari, bila kuona tumbawe lililo hai. Hifadhi ya Kisiwa cha Chumbe, iliyotangazwa rasmi na Serikali ya Zanzibar 1994, imekuwa ikiwapeleka wanafunzi wa shule za Zanzibar kwenye mwamba wake, wakavaa miwani ya kuogelea na kutazama chini kwa macho yao. Idadi ya wanaoweza kupelekwa haiwezi kulingana na idadi ya wanafunzi wote wa pwani. Waliobahatika kuona ndio wanaopaswa kuwaonyesha wengine, na njia ya kuwaonyesha ni sanaa: mchoro wenye rangi sahihi, igizo lenye samaki wanaojulikana kwa majina yao, ngoma inayofuata mwendo wa maji kujaa na kupwa.

Pwani hii haihitaji kufundishwa kwamba sanaa hubeba ujumbe. Jahazi lilichongewa jicho kwenye omo. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina lake limesema kwa miaka mingi yale ambayo mvaaji hakutaka kuyasema kwa kinywa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam 1968, alitumia mbao za dari na rangi za kupaka baiskeli. Shule inayodai kwamba haina fedha za vifaa vya sanaa ina mfano huo mbele yake. Lakini urithi unaoifaa zaidi shule ni ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki 1969, aliikuza ngonjera ikawa majibizano ya kishairi ya jukwaani, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikaenea shuleni ikifafanua siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Wazee wengi wa leo walizijua sera za nchi kwa mara ya kwanza kupitia midomo ya wanafunzi waliosimama kwenye uwanja wa kijiji.

Kwa bahari, ngonjera ina faida na ina mtego. Faida yake ni kwamba kwa asili ina pande mbili: mmoja anapinga, mwingine anaeleza, na mwishoni wanakubaliana. Mtego ni kumfanya anayepinga awe mjinga anayeshindwa upesi. Mvuvi wa kokoro akiwa amesimama pale dikoni anasikiliza, akasikia mvuvi wa kwenye ngonjera akiropoka mambo ambayo hakuna mvuvi anayeyasema, ataondoka na kuendelea na kokoro lake. Kwa hiyo mpinzani apewe hoja za kweli. Ana deni la mashine. Wavu wa macho makubwa ni ghali, na akiutumia peke yake jirani atazoa wale wadogo anaowaacha. Wakati wa kusi bahari ya nje haiingiliki kwa ngalawa, na watoto wanakula kila siku. Mwanafunzi anayelazimika kuzijibu hoja hizo kwa mizani na vina atakuwa amejifunza uchumi wa uvuvi zaidi kuliko anayekariri aya moja kuhusu uvuvi haramu.

Njia ya kufikia utunzi wa namna hiyo ipo tayari, tena ilizaliwa Tanzania. Mwaka 1996 wahadhiri Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuanzisha mradi wa Tuseme kwa wasichana wa sekondari, na baadaye ukaenezwa na FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, katika nchi nyingine za bara hili. Wasichana hawakuletewa igizo lililoandikwa. Walichunguza wenyewe matatizo yao, wakayachambua, wakayatungia igizo, ngoma na nyimbo, wakayaonyesha mbele ya walimu na jamii, kisha wakakaa na watazamaji kujadili la kufanya. Msingi wa njia hiyo ulikuwa umewekwa na kazi za sanaa shirikishi zilizofanywa na idara ya wahadhiri hao vijijini tangu miaka ya 1980. Na kabla ya hapo, 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imeonyesha kwamba redio, nyimbo na vikundi vya majadiliano vinaweza kuwafikia watu wapatao milioni 2 na kuwafanya wachimbe vyoo. Kinachopendekezwa hapa ni kuipeleka hekima hiyo ufukweni.

Hatua ya kwanza ni kutazama, na bahari ya Tanzania inairahisishia shule kazi hiyo kwa namna ambayo haijatumiwa vya kutosha. Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na kwa sehemu kubwa ya pwani ya kati, pamoja na Unguja, maji hupwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Hizo ni saa za masomo. Mara mbili kwa mwezi darasa kubwa kuliko yote hufunguka karibu na shule, na mara nyingi hakuna mwanafunzi anayepelekwa. Waliomo ndani yake ni akina mama wenye vijiti vya kuchokolea pweza, wakulima wa mwani, na watoto ambao siku hiyo hawakufika shuleni. Watu hao ndio walimu wa kwanza wa somo hili. Wanajua jina la kila shimo la mwamba, wanajua samaki gani ametoweka na alitoweka lini. Mwanafunzi aende na daftari, awaulize, achore anachokiona, arudi darasani na mambo ya kutungia.

Baadhi ya mambo hayo ni ya uhai na kifo cha wanafunzi wenyewe. Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, watu 9 walifariki kwa sababu hiyohiyo, 8 kati yao wakiwa watoto, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Sumu inayoua inaaminika kuwa hutokana na mwani wenye sumu anaoula kasa. Kasa mwenye sumu haonekani mgonjwa, kuchemsha au kukaanga hakuiondoi, dawa yake haijulikani, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Kasa analindwa na sheria, lakini tangazo la sheria halikumzuia mtu kumla. Nyama yake ni chakula cha zamani, na katika baadhi ya familia kitoweo hicho kina heshima. Igizo la wanafunzi linaweza kuingia mahali ambapo tangazo haliingii, yaani jikoni, kwenye mazungumzo ya bibi na mjukuu. Mtoto anayekataa sahani kwa adabu, na bibi anayesikiliza: onyesho hilo la dakika kumi lingefaa kuchezwa katika kila shehia ya Pemba kabla ya msimu wa kasa kutaga. Litungwe kwa staha. Waliofiwa wamo miongoni mwa watazamaji, na igizo lisielekeze kidole kwenye nyumba yoyote.

Pweza ni somo jingine lenye utajiri, kwa sababu linahusu wanawake na linaonyesha matokeo kwa muda mfupi. Pweza hukua upesi sana, na jike hutaga mara moja katika maisha yake, huyalinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa, na ulipofunguliwa pweza walikuwa wakubwa zaidi. Mtindo huo umefika Zanzibar na sehemu nyingine za pwani, ambako wavuvi na kamati zao hukubaliana kufunga mwamba kwa muda, mara nyingi miezi mitatu, kisha hufungua kwa pamoja. Ugumu wake ni wa kibinadamu zaidi kuliko wa kibaiolojia. Mwanamke asiye na chombo, ambaye mwamba wa karibu ndio shamba lake pekee, hupoteza kitoweo cha kila bamvua kwa miezi hiyo. Siku ya kufungua, wanaume wenye vyombo na miwani hufika kwa wingi na kuvuna kabla yake. Igizo linalosema ukweli huu wote, pamoja na faida ya kufunga, litaisaidia kamati ya wavuvi kupanga vizuri zaidi. Igizo linalosifia kufunga tu halitamsaidia yeyote, na huyo mama atalitambua papo hapo.

Takataka za plastiki ndizo zinazovutia shule zaidi, kwa kuwa zinaonekana na zinatumika kama malighafi. Pwani ya Afrika Mashariki ina historia ya kujivunia katika jambo hili, na historia hiyo ilianzia kwa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu kaskazini mwa Lamu, mhifadhi Julie Church aliwaona watoto wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na kandambili zilizotupwa ufukweni na mawimbi. Akawahimiza akina mama zao wazikusanye, wazioshe na kuzigeuza kuwa bidhaa, na hapo pakachipuka kazi inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole, ambayo sanamu zake za twiga, kasa na tembo zimeuzwa duniani kote. Baadaye, katika mji wa Lamu, fundi Ali Skanda na mafundi wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyotumika, Flipflopi, lenye urefu wa karibu mita 9, likatumia tani 10 za plastiki na kuvishwa kandambili zipatazo 30,000. Liliteremshwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitua njiani na kupokewa na wanafunzi na wanajamii. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Viktoria. Thamani ya jahazi hilo kwa shule ni kwamba liliundwa kwa ufundi wa hapahapa: mbao zilibadilishwa, umbo na mkono wa fundi vikabaki vya Lamu.

Shule inayotaka kufuata njia hiyo ianze kwa kuhesabu kabla ya kuunda. Wanafunzi wapime kipande cha ufukwe, waokote kila kitu, watenganishe chupa, kandambili, vifuko, vipande vya nyavu na vifuniko, waandike idadi na tarehe, kisha warudie baada ya kusi kugeuka kaskazi. Hesabu hiyo itawafundisha jambo ambalo sanamu peke yake haiwezi: takataka nyingine si za kijiji. Kwenye kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, kisicho na mji wala soko, watafiti walikadiria 2020 kwamba kuna tani 513 za plastiki, nyingi kwa uzito zikiwa zana za uvuvi, na kandambili zipatazo 360,000. Wakati huohuo, chupa iliyoanguka kutoka mtaroni mwa mtaa huu huenda ikatua kwenye ufukwe wa nchi nyingine. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Kenya 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara 1 Juni 2019, ni hatua kubwa, na hesabu ya wanafunzi inayorudiwa kila mwaka inaweza kuonyesha ni vitu gani vimepungua na vipi bado vinaletwa na maji.

Kazi hizi zina hatari zinazopaswa kutajwa waziwazi. Iliyo kubwa ni kuiharibu bahari kwa jina la kuisifu. Kiti cha pweza (yule mnyama mwenye umbo la nyota) aliyekaushwa, kombe lililotolewa likiwa hai na kipande cha tumbawe kilichovunjwa ili kipambe ubao wa maonyesho ni wizi kutoka kwa mwamba uleule unaotetewa. Mwanafunzi achore kiti cha pweza kisha amwache palepale. Plastiki isiyeyushwe motoni darasani, kwa sababu moshi wake una sumu. Takataka za ufukweni huwa na sindano, vioo na kulabu, kwa hiyo glavu na viatu ni lazima. Sanamu ya plastiki isiachwe juani ufukweni ikamomonyoka na kurudi majini ikiwa vipande vidogo zaidi. Hakuna mtoto anayepaswa kuvushwa mkondo wa maji bila mtu mzima anayeijua bahari hiyo na bila ridhaa ya mzazi.

Pwani nyingine za dunia zina mifano ya kutazamwa, ingawa haina haja ya kuigwa. Wasanii wa kisiwa cha Erub, katika mlango wa bahari wa Torres nchini Australia, husuka kasa na papa kwa nyavu zilizotelekezwa. Ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianzisha 2005 mwamba wa matumbawe uliofumwa kwa kroshia, ambao maelfu ya watu katika nchi mbalimbali wameuongezea sehemu zao. Pemba na Unguja zina ukili, miyaa na mikono inayojua kuvisuka. Mwamba wa ukili uliosukwa na wanafunzi pamoja na bibi zao, ukitiwa rangi sahihi za matumbawe yaliyo hai na weupe wa yaliyokufa, ungeeleweka Micheweni bila maelezo.

Kuna ushahidi pia kwamba mtoto humfundisha mzazi. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanywa pwani ya jimbo la North Carolina, Marekani, uliwafuatilia wanafunzi wa umri wa miaka 10 hadi 14 waliofundishwa mabadiliko ya tabianchi kwa kazi za vitendo na kutakiwa kuzungumza na wazazi wao. Wazazi wa watoto hao waliongeza kujali kwao kuliko wazazi wa watoto wengine. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa akina baba na kwa wazazi wenye siasa za kihafidhina, na mabinti walikuwa na ushawishi zaidi kuliko wavulana. Mazingira ya Tanzania ni tofauti, lakini mzazi wa Bagamoyo naye humsikiliza mwanawe anapopanda jukwaani, na huja kumtazama hata pale ambapo asingekuja kwenye mkutano wa kijiji.

Hata hivyo sanaa isibebeshwe mzigo usio wake. Uvuvi wa baruti ulipungua Tanzania katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 kwa sababu vyombo vya dola viliamua kuwakamata wahusika na kufuatilia baruti zilikotoka. Hakuna ngonjera ingefanya hivyo peke yake. Kazi ya sanaa ni kuandaa mahali ambapo sheria inaeleweka na kukubalika, na kuwapa wananchi nafasi ya kusema pale sheria inapowaonea. Mwanafunzi asigeuzwe askari wa kuwataja wavunja sheria wa kijijini kwake. Hilo linamhatarisha, na linaivunja imani ambayo sanaa inaihitaji.

Wizara na Taasisi ya Elimu zina nafasi ya kutenda bila kuanzisha somo jipya. Mtaala ulioanza kutumika Tanzania Bara 2024 una somo la Sanaa na Michezo na somo la Jiografia na Mazingira katika shule za msingi. Masomo hayo mawili yakiunganishwa kwa kazi moja ya muhula, katika wilaya za pwani, muda utapatikana. Ratiba ya shule hizo iruhusiwe kufuata bamvua, ili walau mara mbili kwa muhula kipindi cha asubuhi kifanyike ufukweni, na mwanafunzi wa ndani ya Lindi au Muheza afikishwe hata mara moja kwa mwaka. Walimu wapewe kijitabu cha Kiswahili chenye majina ya pwani ya samaki, matumbawe na mikoko, kilichohakikiwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar pamoja na wavuvi wazee. Katika mashindano, ukweli wa kinachosemwa upewe alama sawa na uzuri wa kinavyosemwa. Kasa aliyechorwa vizuri akitaga juu ya mti hastahili ushindi. Mdhamini akija na zawadi, asipewe haki ya kutumia majina, picha au kazi za watoto kwenye matangazo yake bila ridhaa ya wazazi.

Mahali pa kuonyesha pabadilishwe. Onyesho lifanyike dikoni, kwenye soko la samaki, kwenye mnada wa Feri jijini Dar es Salaam, wakati vyombo vimerudi na watu wapo. Na baada ya kila onyesho mjadala ufanyike, maswali ya wanafunzi na wananchi yaandikwe, na ofisa uvuvi, sheha au mwenyekiti wa kijiji ayajibu kwa maandishi ndani ya muhula huohuo: lini taka za diko zitazolewa, mwamba upi utafungwa na akina mama watafidiwaje, nani anashughulikia kokoro lililoonekana. Wanafunzi wakitunga kwa uaminifu na wakubwa wasijibu, mwaka wa pili hawatatunga tena. Wizara zote mbili zinaombwa ziliweke sharti hilo la kujibu katika mwongozo wa shule za pwani kabla ya 8 Juni ijayo, na zianze na Pemba.